Paa Moja, Mahitaji Tisa: Uchambuzi wa Kisa cha Kugawana Masafa katika Mtaa Mmoja wa Nairobi

## Usuli

Mtandao unaozungumziwa hapa uko upande wa mashariki wa Nairobi, katika mtaa ambao nyumba za mabati na ghorofa za kupangisha zimesimama bega kwa bega. Jina la mtaa, la kikundi na la kila aliyehusika yameondolewa, na mpangilio wa majengo umebadilishwa kidogo ili mtu yeyote asitambulike. Niliitwa kama mshauri wa kiufundi baada ya mambo kuharibika, nikakaa na kikundi hicho kwa wiki saba.

Mtandao unaendeshwa na kikundi cha wakazi chenye kamati ya watu watano. Kikundi hununua huduma ya faiba ya megabiti 100 kwa sekunde, nayo huishia kwenye jengo moja la ghorofa tano. Juu ya paa la jengo hilo pana redio mama, yaani kifaa kinachorusha na kupokea data ya intaneti kwa mawimbi ya hewani, yenye antena inayotazama upande mmoja wa mtaa, na kila mteja ana redio yake ndogo iliyoelekezwa huko. Redio zote ni za kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11n, kilichoidhinishwa mwaka 2009, na hutumia masafa ya gigahezi 5. Masafa hayo hayajatengewa kampuni moja kama yale ya simu za mkononi. Mwenye kifaa kilichoidhinishwa anaruhusiwa kuyatumia kwa kufuata masharti ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, lakini hakuna anayelindwa asiingiliwe na jirani yake. Katika mtaa wenye watoa huduma wadogo wengi, sharti hilo la mwisho lina uzito kuliko yote.

Wateja walikuwa tisa: zahanati, shule ya msingi, saiba, duka la vifaa vya ujenzi, kioski cha maji, duka la M-Pesa, studio ya vijana wanaotengeneza video, na ploti mbili za kupangisha. Kila mmoja alilipa ada ileile kwa mwezi, na mkataba ulisema kwamba wote wangepata huduma sawa. Nia ilikuwa njema. Kikundi kilianzishwa na watu waliochoka kubaguliwa na watoa huduma wakubwa, na neno «sawa» liliwekwa kwenye mkataba kwa makusudi.

Lakini mahitaji yenyewe hayakufanana hata kidogo. Mita ya kioski cha maji hutuma baiti mia chache kila mtu anaponunua maji kwa simu, kisha hunyamaza. Zahanati hupiga simu ya video kwa daktari wa hospitali ya rufaa kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nne asubuhi. Sauti ya simu ya namna hiyo haihitaji njia pana: kwa usimbaji wa kawaida ni kilobiti 64 kwa sekunde, zikigawanywa katika pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, 50 kila sekunde, yaani pakiti moja kila milisekunde 20. Inachohitaji ni kufika kwa wakati. Pendekezo G.114 la Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, linataka sauti ichukue milisekunde zisizozidi 150 kutoka kinywani hadi sikioni ili mazungumzo yasivurugike. Studio, kwa upande wake, hupakia mafaili makubwa ambayo yakifika saa sita mchana badala ya saa tano hakuna anayeumia. Shule huwasha kompyuta zake zote kwa wakati mmoja, zote zikaanza kutafuta masasisho. Duka la vifaa vya ujenzi lina kamera nne za ulinzi zilizokuwa zikituma picha kwenye hifadhi ya mbali usiku na mchana bila kupumzika, kwa jumla ya megabiti 4 kwa sekunde.

## Mambo yalivyoanza kuharibika

Kwa karibu mwaka mzima mtandao ulifanya kazi vizuri. Kisha simu za zahanati zikaanza kukatika, na mita ya maji ikaanza kuchelewa. Siku yangu ya kwanza nilisimama kando ya kioski na kumtazama mama mmoja aliyekuja na mitungi miwili ya lita 20. Alikuwa amekwisha kulipa, ujumbe wa malipo ameupata kwenye simu, na mfereji haufunguki. Alingoja. Nyuma yake foleni ikarefuka hadi watu saba. Mhudumu akaniambia kwamba wengine hudhani wametapeliwa, hulipa mara ya pili, na ugomvi huanzia hapo. Mita ilikuwa inajaribu kupitisha ujumbe mfupi kuliko barua ya salamu, na haikuwa inapata nafasi ya kusema.

Kamati haikukaa kimya. Kabla sijaitwa ilikuwa imefanya maamuzi matatu, na kila moja lilikuwa na sababu yake.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumwekea kila mteja ukomo wa kasi wa megabiti 10 kwa sekunde. Kamati iliamini kwamba kuna mtu «anayekula intaneti», na kwamba ukomo sawa ungemzuia bila kumtaja jina. Hali haikubadilika. Uamuzi wa pili ulikuwa kuongeza faiba kutoka megabiti 100 hadi 200, jambo lililokaribia kumaliza akiba ya kikundi. Hali haikubadilika hata chembe. Wa tatu ulitolewa na kijana anayetunza vifaa, naye alipanua chaneli ya redio mama, yaani kipande cha masafa inachokitumia, kutoka megahezi 20 hadi 40 kwa matumaini kwamba barabara pana itabeba magari mengi. Safari hii hali ilibadilika: ikawa mbaya zaidi. Wiki hiyo simu ya daktari ilikatika mara tatu katika mazungumzo ya mgonjwa mmoja.

Ndipo mwenyekiti akanipigia.

## Tulichokikuta juu ya paa

Nilianza na michoro ya matumizi ya faiba, kwa sababu ndiko kikundi kilikokwisha kutumia pesa. Hata katika saa za kilio kikubwa zaidi, matumizi hayakuzidi theluthi ya megabiti 100 za awali. Faiba ilikuwa wazi, na kuiongeza kulikuwa sawa na kupanua bomba linaloleta maji mtaani ilhali mfereji ni uleule. Redio ya aina hii yenye mikondo miwili ya data inayotumwa kwa pamoja katika chaneli ya megahezi 20 hufikia megabiti 130 kwa sekunde kwa maandishi, na kwa vitendo hupitisha kama nusu yake au zaidi kidogo. Kwa hiyo hata faiba ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko kile ambacho hewa ingeweza kubeba.

Kisha nikairudisha chaneli megahezi 20 kwa muda ili nipime, nikafungua orodha ya redio za wateja ndani ya redio mama. Nane kati ya tisa zilikuwa zikizungumza kwa kasi kati ya megabiti 104 na 130. Ya tisa, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, ilikuwa imeshuka hadi megabiti 6.5, kasi ya chini kabisa ambayo kiwango hicho kinaijua katika chaneli ya megahezi 20. Tulipanda juu mimi na yule kijana, tukasimama nyuma ya antena na kutazama inakoelekea. Palipokuwa na anga miezi michache nyuma, sasa palisimama nguzo za zege na mbao za ujenzi: ghorofa mpya ilikuwa imefika orofa ya nne, katikati kabisa ya mstari kati ya antena na duka. Mawimbi ya gigahezi 5 hayapendi zege. Redio ya duka ilikuwa inafikisha ujumbe kwa kurukaruka kwenye kuta za pembeni, kwa shida, ikirudia mara kwa mara.

Hapa ndipo kiini cha kisa hiki kilipo, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Kwa kasi ya megabiti 130 huchukua takriban mikrosekunde 92 kupita hewani. Kwa kasi ya megabiti 6.5 pakiti hiyohiyo huchukua mikrosekunde 1,846, yaani mara ishirini. Na wakati redio moja inazungumza, nyingine zote katika chaneli hiyo zinapaswa kunyamaza. Kamera za duka zilikuwa zinatuma megabiti 4 tu kwa sekunde, chini kabisa ya ule ukomo wa 10, ndiyo maana ukomo haukuwahi kuzigusa. Lakini megabiti 4 kwenye kiungo, yaani njia ya hewani kati ya redio mbili, cha kasi ya 6.5 ni zaidi ya asilimia 60 ya muda wote wa hewani, kabla hujahesabu marudio na mapengo kati ya pakiti. Data hiyohiyo kwenye kiungo cha 130 ingechukua asilimia 3.

Tatizo la pili lilijificha nyuma ya hilo. Taratibu za Wi-Fi hutegemea kwamba kila redio husikiliza kwanza kabla ya kusema. Lakini redio za wateja zina antena nyembamba zinazotazama paa moja tu, na kwa hiyo haziwezi kusikiana zenyewe kwa zenyewe. Redio ya shule haikuwa na njia ya kujua kwamba redio ya duka iko katikati ya maneno yake marefu, ikaanza nayo kusema, na zote mbili zikaharibika hewani.

Na ule upanuzi wa chaneli? Ukipanua chaneli mara mbili, kelele za asili unazozipokea nazo huongezeka mara mbili, yaani desibeli 3, ilhali nguvu ya mtumaji imebaki palepale. Kiungo kilichokuwa dhaifu kikazidi kudhoofika. Zaidi ya hayo, ile nusu mpya ya chaneli ilikuwa imekalia masafa ya mtoa huduma mwingine, ambaye antena yake iko kwenye paa la tatu kutoka letu.

## Mkutano na maamuzi

Tulikutana Jumamosi alasiri katika chumba cha kungojea cha zahanati. Nilikuwa nimepita kwa kila mteja nikimwuliza mambo mawili tu: unahitaji kiasi gani, na kikichelewa nani anaumia? Majibu nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi kubwa niliyoibandika ukutani. Nilipoeleza habari za kamera, macho yote yakamgeukia mwenye duka, naye akasimama.

«Mimi nalipa ada sawa na kila mtu hapa,» alisema. «Mwaka jana wezi walinivunjia duka. Mkiniambia nizime kamera, mnaniambia nikalale dukani.»

Muuguzi akamjibu kwa upole: «Mzee wangu, hakuna anayetaka uibiwe. Lakini daktari akikatika katikati ya maneno kuhusu mtoto, mimi nimwambie nini mama yake?»

Wajumbe wawili walipendekeza mwenye duka aondolewe mtandaoni. Nilipinga, na bado naona nilikuwa sahihi. Hakuwa amevunja sharti lolote. Yeye hakujenga ile ghorofa, na hakuwa na habari kwamba sauti yake imegeuka kuwa ya polepole. Kumwondoa kungetatua tatizo kwa siku moja, na kungewafundisha wengine kwamba mtandao huu humtupa anayepatwa na bahati mbaya. Ghorofa zinaota kila upande wa mtaa huo. Kesho ingekuwa zamu ya shule.

Baada ya saa mbili kamati ilikubaliana juu ya mambo yafuatayo. Kwanza, chaneli ingerudishwa megahezi 20, na redio mama ingetoka kwenye utaratibu wa kila mtu kujitafutia nafasi hadi utaratibu wa zamu, ambapo yenyewe humwita kila mteja na kumpa kipande cha muda. Hilo lingemaliza tatizo la redio zisizosikiana. Pili, kitakachogawanywa kwa usawa kingekuwa muda wa hewani badala ya megabiti. Kila mteja mwenye kitu cha kutuma angepata kipande chake, na asiyekuwa na la kutuma kipande chake kingewaendea wengine papo hapo, kwa sababu kumtengea mtu muda asioutumia ni kuutupa. Tatu, pakiti za dharura, yaani sauti, malipo na mita ya maji, zingetangulia mbele ya foleni, lakini kwa ukomo: zote kwa pamoja zisizidi sehemu ndogo ya muda.

Jambo la nne ndilo lililogharimu pesa, na ndilo lililojadiliwa kwa muda mrefu zaidi. Paa la shule linaliona duka waziwazi. Kikundi kingeweka redio mbili hapo, kwa fedha za wote, ili data ya duka ipite shuleni kwanza na kutoka shuleni iende redio mama kwa kiungo imara. Redio za kipande hicho zingetumia chaneli tofauti, kwa kuwa kurudia ujumbe katika chaneli ileile hutumia muda wa hewani mara mbili. Mwenye duka naye alikubali jambo lake: kamera zihifadhi picha kwenye diski dukani, mchana zitume picha pale tu zinapoona mwendo, na nakala kamili zipande kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, wakati hewa iko tupu. Mkataba wa faiba ukarudishwa megabiti 100, na fedha zilizookolewa ndizo zilizonunua redio za shule.

Kulikuwa na pendekezo moja tulilolikataa. Mwalimu alikuwa amesoma kuhusu jaribio lililoanza mwaka 2013 kaunti ya Laikipia, upande wa Nanyuki, ambako intaneti ilipitishwa katika masafa ya televisheni yasiyotumika. Ni kweli kwamba masafa hayo ya chini hupenya na kuzunguka vizuizi kuliko gigahezi 5, na ghorofa isingetusumbua vile. Lakini chaneli moja ya televisheni ina upana wa megahezi 8 tu, na Nairobi ndiko vituo vya televisheni vilikorundikana. Nafasi iliyo pana mashambani hapa mjini ni finyu.

## Makosa tuliyoyafanya wenyewe

Sitaki kisa hiki kisomeke kana kwamba baada ya mkutano kila kitu kilinyooka. Tulikosea mara mbili, na makosa yote mawili yalikuwa yangu kuliko ya mtu mwingine.

La kwanza lilihusu kipaumbele. Kwa haraka ya kuiokoa zahanati, niliipa redio yake yote haki ya kutangulia, bila kutenganisha simu ya daktari na mambo mengine yanayopita hapo. Wiki ya kwanza muuguzi alifurahi. Wiki ya pili wapangaji wa ploti wakaanza kulalamika kuhusu jioni, na tulipochunguza tukaona kwamba wagonjwa wanaongoja na hata wafanyakazi walikuwa wakitazama video kwenye Wi-Fi ya zahanati, na video hizo zilikuwa zinapita katika njia ya dharura. Hakukuwa na hila yoyote; walikuta mlango uko wazi. Nilipaswa kulijua hilo mapema, kwa kuwa marekebisho ya Wi-Fi ya mwaka 2005, 802.11e, yaliweka madaraja manne kwa aina ya kinachosafirishwa: sauti, video, data ya kawaida na data inayoweza kungoja. Hayakuuliza data inatoka kwa nani. Tukabadilisha: kompyuta kibao moja inayotumika kwa simu za daktari ndiyo pekee iliyobaki na kipaumbele, na simu za wagonjwa zikaingia foleni ya kawaida.

Kosa la pili lilihusu chaneli. Sehemu ya juu ya gigahezi 5 ilikuwa imejaa watoa huduma wengine, nami nikaona kipande cha katikati kiko kimya kabisa. Nilikichukua nikijua sharti lake: huko redio inapaswa kusikiliza rada kwanza, kwa kawaida angalau sekunde 60 kabla ya kuanza kutuma, na ikisikia rada ihame mara moja na isirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Siku ya tatu, Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, redio mama ilisikia kitu ilichokihesabu kuwa rada. Mtandao mzima ukanyamaza, na daktari akakatika. Ikatokea tena Jumamosi. Ukimya ule niliouona kuwa neema ulikuwa na sababu yake.

Fundi mmoja wa mtaa alinishauri nibadilishe mpangilio wa nchi ndani ya redio ili uchunguzi wa rada uzimike. Ni hila inayojulikana, na imeenea kuliko inavyopaswa. Nilikataa. Rada za hali ya hewa hufanya kazi karibu na megahezi 5,600, na redio inayozifunika kwa kelele huwanyima watu wengine taarifa za mvua na dhoruba, watu ambao hawatajua kamwe ni paa gani lililowanyima. Anayedai haki katika masafa hana budi kuwapa haki hata watumiaji asiowaona.

Tulirudi basi kwenye sehemu ya juu yenye msongamano, na hapo likafanyika jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wangu. Yule kijana wa kikundi alimtafuta fundi wa mtoa huduma wa paa la tatu, wakakutana juu jua kali, kila mmoja na kompyuta yake mapajani, wakatazama kwa pamoja mchoro wa masafa. Kila mmoja alikuwa akimwona mwenzake kama ukuta mwekundu unaofunika chaneli yake, na kila mmoja, kwa kujihami, alikuwa amepandisha nguvu ya redio hadi mwisho. Walikubaliana mmoja akae chini na mwingine juu, wote megahezi 20, kisha wakapunguza nguvu hatua kwa hatua, wakingoja dakika chache kila mara kuona kama viungo vinatikisika. Havikutikisika. Ukuta mwekundu ukashuka hadi ukawa kilima.

## Matokeo

Kufikia wiki ya saba, muda wa pakiti kwenda na kurudi kati ya zahanati na redio mama, ambao asubuhi ulikuwa ukizidi milisekunde 400 mara kwa mara, ulikaa chini ya 40. Simu za daktari hazikukatika tena katika wiki tatu za mwisho nilizokuwepo. Mfereji wa kioski ulifunguka kabla mtu hajarudisha simu mfukoni. Kiungo cha shule na redio mama kilibaki megabiti 130, na cha duka na shule kilifika 117. La kushangaza wengi ni kwamba matumizi ya faiba yaliongezeka, kwa kuwa kwa mara ya kwanza data ilikuwa inapata njia ya kuifikia.

Si wote waliofurahi. Studio ililalamika, na bado inalalamika, kwamba kazi za wateja wake zina saa za mwisho za mchana, na mafaili yao yamewekwa katika daraja la yanayoweza kungoja. Mpangaji mmoja aliyezoea kupakua michezo mikubwa alasiri alijitoa.

## Uchambuzi

Chanzo cha yote kilikuwa neno «sawa». Kikundi kililielewa kama megabiti sawa, na redio zenyewe, kwa utaratibu wao wa asili, huelekea upande uleule: humpa kila msemaji nafasi sawa ya kutuma pakiti, bila kujali pakiti hiyo itachukua muda gani. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliieleza tabia hii mwaka 2003, wakaonyesha kwamba kifaa kimoja cha polepole huwashusha wote hadi karibu na kasi yake. Chukua redio mbili, moja ya megabiti 130 na nyingine ya 6.5, zote zina mengi ya kutuma. Ukizigawia megabiti sawa, kila moja hupata takriban 6.2, jumla 12.4. Ukizigawia muda sawa, ya kasi hupata 65 na ya polepole 3.25, jumla zaidi ya 68. Ya polepole imepoteza karibu nusu. Ya kasi imepata zaidi ya mara kumi.

Hesabu hiyo humshawishi mhandisi upesi, na ndiyo maana naitilia shaka ikisimama peke yake. Kugawa muda kwa usawa ni haki ikiwa kila mtu aliko ameridhika kuwako. Mwenye duka hakuchagua kufunikwa na ghorofa. Kama tungegawa muda tu na kumwacha na megabiti zake chache, tungekuwa tumehamisha mzigo kutoka kwa wanane hadi kwa mmoja na kuuita usawa. Kilichofanya mgao wa muda ukubalike mkutanoni ni kwamba uliandamana na redio za paa la shule. Naamini mambo haya mawili hayatengani: mtandao unaomhesabia mtu muda una wajibu wa kumsaidia asiwe wa polepole.

Kingine kilichofaulu ni yale maswali mawili kwa kila mteja. Hakuna chombo cha kupimia ambacho kingeniambia kwamba nakala za kamera zinaweza kungoja usiku. Redio mama iliona megabiti tu. Mwenye duka ndiye aliyejua, na alisema alipoulizwa. Kamati ilikuwa imejaribu kumzuia «mlaji» bila kumtaja ili kumtunzia heshima, lakini ukimya huo uliigharimu miezi na fedha.

Kilichoshindwa zaidi ni mpangilio wa hatua za awali. Hatua zote tatu zilitangulia kipimo. Michoro ya faiba ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na orodha ya redio zenye kasi zake inafunguka kwa dakika moja. Hakuna aliyeambiwa kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Simlaumu yule kijana. Alikuwa amefundishwa kufunga vifaa, hakufundishwa kuvisoma.

Suala la studio halijapata jibu, na sidhani mipangilio ya redio italijibu. Kilio chao ni cha haki: kazi ya kijana anayelipwa kwa video si anasa. Kamati inafikiria kuwauzia muda wa ziada wa mchana, lakini wajumbe wawili wanahofia kwamba ada za ngazi tofauti zitarudisha kile walichokikimbia kwa watoa huduma wakubwa. Mjadala huo uliendelea baada ya mimi kuondoka.

Siku yangu ya mwisho lilikuja ombi la mteja wa kumi, fundi cherehani anayetaka kupokea oda mtandaoni. Yule kijana hakumpa jibu pale chini. Alichukua redio ya majaribio, akapanda kwenye paa la mabati la fundi huyo, akaielekeza kwenye jengo letu na kusoma namba: megabiti 13. Ghorofa ileile ilikuwa inamziba kwa pembeni. Alishuka, akamweleza kwamba atapokelewa kupitia paa la shule na si moja kwa moja, kisha akaja kuniuliza kama nguzo ya mita tatu juu ya shule ingetosha kuliona paa la fundi huyo.